Robo ya Mlango

Jinja, juu ya Masese
19 Februari 2024

Kwa shemeji yangu Mwalimu Lukman,

Assalamu alaykum. Natumaini ulifika Mbale salama baada ya hitima ya Wahab, na kwamba miguu yako imepunguza kuvimba. Sisi hapa tupo. Nasema sisi kwa mazoea tu, maana niko peke yangu, na Gorreti jirani anayenichotea maji na kuniendea sokoni.

Ulisema nisikupigie simu mpaka nimalize eda, kwa kuwa wewe ni ndugu wa mume wangu na sauti ya mjane si ya kusikiwa na shemeji. Nimekubali. Akeyo, yule mama anayepeleka samaki wakavu Mbale kila wiki, atakuwa anabeba barua zetu.

Nakuandikia kuhusu mlango wa sebuleni, ule wa vioo unaotazama ziwa. Siku ya kumtoa Wahab, jeneza lilipitishwa hapo kwa kuwa ndio mlango mpana kuliko yote. Vijana wa msikitini walikuwa wengi, na kila mmoja alitaka bega lake liwe chini yake. Wakasukuma, kioo kimoja kikatoka kwenye reli, na kile cha mwisho upande wa kulia kikapasuka kutoka juu mpaka chini. Uliona mwenyewe. Ulikuwa umesimama palepale ukiwatangazia watu kwamba yeyote anayemdai marehemu aje kwako, deni lake umelibeba wewe. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nyuma ya kioo, nikakusikia vizuri. Nikasema moyoni, Wahab ana ndugu.

Sasa mlango haufungi wala haufunguki. Upepo unaingia, na vile vidudu vya ziwani vinaingia na upepo. Wanaume bado wanakuja kutoa pole. Wanasimama barazani na kunitazama ndani kama samaki aliye kwenye chupa. Nimetundika mashuka. Lakini shuka likiwepo mwanga haupo, na bila mwanga siwezi kusuka vifuniko vyangu vya chakula. Macho yangu siku hizi yanataka jua lenyewe kutofautisha nyekundu na zambarau. Sitaki kuonekana, shemeji, na sitaki kukaa gizani pia.

Naomba unitafutie fundi, maana nikiwa edani siwezi kukaa na mwanamume tukajadiliana kazi. Si kazi kubwa. Kioo kimoja kipya, vigurudumu vya chini vibadilishwe, reli inyooshwe. Eda yangu inakwisha mwanzoni mwa Juni, inshallah. Siku hiyo nataka niutelezeshe mlango huo kwa mkono wangu mwenyewe na nitoke barazani. Unajua mlango huo ni nini kwangu. Ulikuwepo.

Ni mimi,
Mastula

*

Nabuyonga, Mbale
27 Februari 2024

Kwa shemeji Mastula,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika ikinuka samaki wa Masese nzima. Nilianza kuisoma sebuleni, nikaimalizia nje penye hewa.

Nianze na jambo la simu, maana nimesikia Akeyo anawaambia wenzake sokoni kwamba mwalimu anaogopa simu kama paka anavyoogopa maji. Si woga. Shemeji ni mtu ambaye sheria itamruhusu kukuoa kesho, na kwa sababu hiyohiyo inamtaka akae mbali nawe leo. Wazee wetu waliokuja huku na jeshi kutoka Sudani walikuwa watu wa bunduki, lakini kwa mjane walizungumza kupitia mjumbe. Sisi tuliosoma tusifanye pungufu yao.

Sasa mlango. Watu wengi hudhani mlango wa kuteleza huharibiwa na kusukumwa. Si hivyo. Huanza kuharibika siku mchanga wa kwanza unapoingia kwenye reli. Kigurudumu kinapita juu ya mchanga, kinalika upande mmoja, mlango unainama kidogo, uzito wote unaangukia pembe moja. Hakuna anayeona. Mwenye nyumba anasema tu, mlango umekuwa mzito. Kisha siku moja inatosha kuusukuma kidogo. Kwa hiyo usiwalaumu vijana wa jeneza. Wao walimalizia kazi ya miaka.

Nakushauri pia ufikirie jambo ambalo Wahab, Mungu amrehemu, hakutaka kulisikia. Vioo ni vya hoteli na vya watu wenye walinzi. Mwanamke anayekaa peke yake anafaa mlango wa chuma wenye kitasa cha kweli. Sikulazimishi, nakueleza.

Nitamtuma Swaibu. Nilimfundisha darasa la sita hapa Mbale. Hesabu zilimshinda, hasa za sehemu, lakini mikono yake ni mizuri. Kwa sasa yuko kwangu. Kama ujuavyo, Shamira anaolewa baada ya Idi, na mume anatoka katika ukoo wa watu wenye majina. Naongeza sebule upande unaotazama mlima Wanale, ili wageni wasije wakakaa juu ya masufuria.

Kuwa na subira. Subira ni nusu ya eda.

Shemeji yako,
Lukman

*

Jinja
9 Machi 2024

Kwa shemeji Mwalimu Lukman,

Salamu nyingi. Nimefurahi kwa ajili ya Shamira. Nilimpakata siku yake ya saba, na Wahab ndiye aliyemnunulia viatu vya kwanza, vikawa vikubwa, akavivaa alipofika miaka mitatu.

Swaibu amekuja. Alikaa barazani, mimi nikakaa ndani nyuma ya shuka, Gorreti akakaa katikati kama refa. Nilidhani atakagua vigurudumu. Hakuvigusa. Alipima uwazi wote wa ukuta, juu, chini, upana na unene, akaandika kwenye kiganja cha mkono. Nikamuuliza kupitia shuka kwa nini anapima ukuta wakati kilichovunjika ni kioo kimoja. Akakohoa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, mimi naambiwa pima, siambiwi eleza. Kueleza iko kazi ya mwalimu."

Gorreti alicheka mpaka akasahau kwamba tuko msibani.

Basi nieleze wewe. Swaibu anasema vioo vyote vinne vitang'olewa na kupelekwa Mbale kwenye karakana, pamoja na fremu. Kwa nini vyote? Vitatu ni vizima. Hapa Jinja wapo mafundi wa vioo waliofanya kazi na Wahab, wengine yeye ndiye aliyewafundisha kukata. Wangekuja hata leo.

Na mlango wa chuma sitaki. Nimelelewa katika nyumba za kambi, shemeji, wewe pia, unajua madirisha yake. Nimeshakaa nyuma ya chuma vya kutosha.

Ramadhani njema inayokuja.

Mastula

*

Nabuyonga, Mbale
15 Machi 2024

Kwa shemeji Mastula,

Ramadhani karimu. Huku mvua imeanza, na maporomoko ya Wanale yanaonekana tena, meupe, kama nyuzi zilizoning'inizwa na mtu.

Umeuliza swali zuri, na mimi hupenda swali zuri. Kwa nini vinne wakati kilichovunjika ni kimoja? Kwa sababu mlango wa kuteleza si vipande vinne, ni kitu kimoja. Kioo kipya kikiwekwa katikati ya vya zamani, uzito unatofautiana; kipya kinateleza, vya zamani vinakataa. Ni kama maksai wanaofungwa nira moja, mmoja mchanga na mmoja mzee. Fundi mzuri hurekebisha vyote pamoja, mezani, palipo tambarare. Mafundi wa Jinja ni vijana wa haraka. Wangekuwekea kiraka, na mwaka kesho ungeniandikia tena.

Mpaka kazi iishe, uwazi huo hauwezi kubaki hivi, ukizingatia wezi na macho ya watu. Nimemwagiza Swaibu aujenge kwa matofali, kwa muda tu. Wewe mwenyewe uliandika, sitaki kuonekana. Barua yako ninayo hapa. Nimelichukua neno lako kama amana.

Jambo jingine, kwa upole. Wewe ni mama mdogo wa bibi harusi, na eda itakuzuia kuhudhuria. Wanawake huku wanasema harusi ya Kinubi isiyokuwa na vifuniko vilivyosukwa na mkono wa nyumbani ni karamu ya hoteli. Ungetusukia kadhaa vya kufunika sinia za upande wa mume, ingekuwa ni sehemu yako katika furaha yetu. Na kazi huondoa mawazo.

Shemeji yako,
Lukman

*

Jinja
30 Machi 2024

Kwa shemeji Mwalimu Lukman,

Salamu. Matofali yapo. Nilikuwa chumbani wakati wanayajenga, kwa hiyo nilisikia tu, na kila tofali lililopanda nililijua kwa jinsi chumba kilivyozidi kuwa kimya. Sauti za Masese zilikuwa zinanifikia mchana kutwa, kina mama wanaopanga bei ya samaki na watoto wanaoitwa. Sasa nasikia friji.

Ulisema ni kwa muda. Juzi Swaibu amerudi na kupiga lipu, ndani na nje, safi kabisa. Nikamuuliza kupitia Gorreti, ukuta wa muda unapigwa lipu? Alijibu kwamba lipu ni kwa ajili ya mvua. Kisha leo ameupaka rangi. Rangi nayo ni kwa ajili ya nini?

Vifuniko vya Shamira nimeanza. Nasukia mlangoni mwa jikoni, huko nyuma, ambako jua linaingia asubuhi kidogo na kuondoka kama mtu aliyekuja kudai. Kifuniko kimoja nimekosea, nimepitisha nyeusi mahali pa zambarau mzunguko mzima, na sikuona mpaka Gorreti alipokitoa nje. Nilitaka kukifumua. Vidole vimekataa. Nimekituma hivyohivyo pamoja na vingine, Akeyo anavyo. Mwambie Shamira anisamehe.

Mlango wangu utarudi lini?

Mastula

*

Nabuyonga, Mbale
7 Aprili 2024

Kwa shemeji Mastula,

Salamu za kumi la mwisho la Ramadhani. Vifuniko vimefika na vimesifiwa na kila aliyeviona. Akeyo amevifunga mbali na samaki, namshukuru.

Karakana inangoja vigurudumu kutoka Kampala. Vya aina ile havipatikani ovyo. Wahab alichagua vitu vya zamani, vizito, vya watu waliokuwa wakitengeneza ili vidumu, na sasa uimara wake ndio ugumu wa kuvitengeneza. Ndivyo ilivyo kwa vitu vizuri na hata kwa watu.

Lipu na rangi ni heshima kwa nyumba ya marehemu ndugu yangu. Kwa nini ukuta ukae uchi mbele ya barabara, hata kwa wiki moja? Watu wangesema familia imetawanyika. Usitafute maana pale palipo na usafi tu.

Kwa sasa naandaa maneno yangu ya siku ya nikahi. Vijana siku hizi hawaelewi mahari. Wengine hudhani ni bei, wengine hudhani ni karamu. Nitawaeleza tangu mwanzo, kwa ushahidi, kwamba ni haki ya mwanamke mwenyewe. Mzee wa msikiti amenikumbusha nisizidishe nusu saa, maana wali utapoa. Nimemwambia wali utapashwa moto.

Tuombeane. Idi njema ikifika.

Lukman

*

Nabuyonga, Mbale
30 Aprili 2024

Kwa mama mdogo Mastula,

Assalamu alaykum. Ni mimi Shamira. Nimeolewa, alhamdulillahi, na kesho tunaondoka kwenda kwa mume wangu. Nimekataa kupanda gari kabla sijakuandikia kwa mkono wangu, maana shukrani ya jambo kama hili haipelekwi kwa mdomo wa mtu.

Mama, sikujua la kusema nilipoona mlango wa Baba Wahab umepachikwa kwetu. Baba alikuwa amenificha. Alisema mama mdogo wako hawezi kuja, lakini ametoa kilicho kizuri kuliko vyote nyumbani kwake, kwa ajili yako. Nililia hapohapo, hina ikaharibika.

Laiti ungeona siku yenyewe. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, sisi wanawake tulikaa ndani kwenye sebule mpya, na vioo vilitelezeshwa vyote upande mmoja ili tusikie nikahi. Vinateleza kama siagi. Swaibu alijenga ukuta kwa kipimo chake hasa, huwezi kujua kwamba vilikuwa kwingine. Kimoja kilikuwa na ufa, Baba akaweka kipya mahali pake. Chenye ufa kiko nyuma ya banda la kuku. Wakwe zangu walikuwa wanazigusa fremu na kutazamana. Ukikaa kwenye kochi unaiona Wanale yote, mpaka maporomoko.

Baba alieleza kuhusu mahari karibu saa nzima, mama mmoja alisinzia. Lakini mwishoni alisema neno ambalo nimelishika. Alisema, "Mahari iliyolipwa ni mali ya mwanamke peke yake. Hana haki nayo mume, wala baba, wala ndugu wa mume." Mume wangu alitikisa kichwa kama mwanafunzi.

Kile kifuniko chenye mzunguko mweusi wageni walikigombania, walidhani ni mtindo mpya wa Jinja.

Mungu akujaalie mwanga kama ulivyotupa.

Mwanao,
Shamira

*

Jinja
9 Mei 2024

Kwa Mwalimu Lukman,

Nimepata barua ya binti yako. Sitamjibu, kwa sababu nikimjibu itabidi nimwambie, na yeye ni bibi harusi. Nakujibu wewe.

Wewe hupenda kueleza, basi leo nieleze mimi. Wahab aliponiposa alikuwa kijana wa kukata vioo vya madirisha ya maduka, mikono imejaa makovu. Mimi nilikuwa nimekulia kambini, chumba chetu kilikuwa na dirisha dogo juu karibu na paa, na mtoto akitaka kuona nje alipandishwa mabegani. Siku ya nikahi, sheikh aliuliza mahari. Ikatajwa ile ya siku hiyo. Akauliza ile ya baadaye. Kutoka nyuma ya pazia nilituma neno kwamba nataka mlango wa vioo wa kuteleza, mpana, utakaofungwa katika nyumba yoyote atakayonijengea.

Wanaume walicheka. Mmoja alisema huyu anaolewa na Wahab au na dirisha? Wahab hakucheka, alisema nimekubali. Hapo ukasimama wewe, shahidi wake, ukawanyamazisha. Ulisema kwamba mahari iliyocheleweshwa ni deni shingoni mwa mume, hata ikiwa ni kioo. Na ukasema mahari ikishalipwa ni mali ya mwanamke peke yake, hana haki nayo mume, wala baba, wala ndugu wa mume. Ni maneno yaleyale uliyoyasema juzi. Hukubadilisha hata moja. Uliyasema ukiwa umeupa mgongo mlango wangu.

Alinilipa kioo kwa kioo. Alinunua kimoja, akakihifadhi chini ya kitanda, miaka ikapita akanunua cha pili. Siku alipofunga cha nne alikaa barazani na mikono yake ile, akaniambia, "Sasa Mastula, hunidai." Nilimjibu, sikudai. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba unajua mlango huo ni nini kwangu. Nilidhani sina haja ya kueleza jambo kwa mtu aliyelieleza kwanza.

Ungeniomba, pengine ningetoa. Shamira ni mtoto wangu pia. Hukuniomba. Ulinifunga edani kwa matofali, ukanituma nisuke gizani vifuniko vya karamu hiyohiyo.

Nataka mlango wangu urudi kabla sijatoka eda.

Mastula

*

Nabuyonga, Mbale
18 Mei 2024

Kwa shemeji Mastula,

Wa alaykum salaam, ingawa barua yako haikuwa na salamu. Sikukasirika. Mjane huandika na majeraha yake. Lakini jambo la sheria halijibiwi kwa machozi, kwa hiyo nitakueleza taratibu, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Ndugu yangu hakuacha mtoto. Mke wa mtu asiyeacha mtoto hupata robo. Wazazi wetu wametangulia, dada hatuna, kwa hiyo kinachobaki ni changu. Sikuyatunga mimi. Mlango una vioo vinne. Robo ya vinne ni kimoja. Nimechukua vitatu ambavyo ni fungu langu, na chako kipo, sikukigusa. Nitamtuma Swaibu akuletee, matenga ya samaki ya Akeyo yatakaporudi Jinja. Utasema kina ufa. Ni kweli. Sheria haitazami ufa, hutazama fungu.

Kuhusu hayo ya nikahi yenu. Nakumbuka shangwe, nakumbuka kicheko, nakumbuka kwamba nilizungumza, maana mimi huzungumza. Masharti yenyewe siyakumbuki vizuri. Mashahidi tulikuwa wawili. Hajj Mutwalibu amefariki, Mungu amrehemu. Nimebaki mimi, na ushahidi wa mtu asiyekumbuka si ushahidi. Hata kadhi atakuambia hivyo.

Nikuambie pia jambo ambalo hutalipenda. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, na nyumba yangu ilikuwa na madirisha ya mbao. Nilitaka siku moja tu, binti yangu akitoka, aonekane ametoka penye mwanga. Wewe ulikuwa na mlango ambao huwezi kuufungua mpaka Juni. Nilidhani utaelewa.

Ukuta wa sebule yangu umejengwa kwa kipimo cha mlango. Kuung'oa mlango sasa ni kubomoa sebule nzima, na wakwe wataniuliza. Mlango wa chuma nitakuwekea mwakani, kwa gharama yangu yote. Nyumba hiyo robo tatu ni yangu, na sijakugusa humo ndani wala sitakugusa. Lipime hilo pia kwa haki.

Subira.

Lukman

*

Jinja
11 Juni 2024

Kwa Mwalimu Lukman,

Nimetoka eda. Nimetoka kwa mlango wa jikoni, nikapita kando ya nyumba, kwenye matope ya bombani, nikazunguka mpaka barazani kwangu kama mgeni anayetafuta pa kubisha hodi. Ukuta wako ni mzuri. Mtu ambaye hakuijua nyumba hii angeapa kwamba hapo hapakuwahi kuwa na mlango.

Swaibu amekileta kioo. Alikuja nacho amekifunga blanketi, akakiegemeza, akabaki amesimama. Sasa naweza kuzungumza na mafundi, kwa hiyo nilimuuliza usoni kama alijua. Alisema, "Mama, mwalimu alisema umetoa kwa moyo. Kama mimi najua ni ya nikahi yako, singegusa." Nikamwambia avunje ukuta, kipimo cha kioo kimoja. Akavunja matofali aliyoyapanga mwenyewe, akakifunga kikiwa na ufa wake, akapaka simenti pembeni. Hakutaka hata chai. Sasa sebule ina mwanga wa upana wa mtu mmoja, na jua likishuka ufa unachora mstari sakafuni. Nasukia juu ya mstari huo. Kioo hiki hakitelezi, kwa kuwa hakuna cha pili cha kupita nyuma yake.

Gorreti ananisukuma niende kwa kadhi. Anasema wanawake waliokuwa nyuma ya pazia siku ile wapo, wangali hai, na walisikia. Wapo. Sitawaita. Shahidi wangu ni wewe, na sitaki kukuona umesimama mbele ya watu ukisema hukumbuki, kisha ukarudi nyumbani kusali mbele ya vioo vyangu.

Lakini kuna jambo moja hukulieleza, nami nimelifikiria eda nzima. Wahab alikufa akiwa hanidai wala simdai. Ulipoung'oa mlango ule ulimrudisha kwenye deni, kaburini, mahali ambapo hawezi kukata kioo kingine. Nilikaa nikajiuliza, je, namdai tena mume wangu? Nimemhalalishia, mbele ya Mungu, kila kitu. Simdai. Deni hilo lina mwenyewe. Ulisimama katika mlango huohuo, jeneza likiwa mabegani mwa watu, ukatangaza kwa sauti kwamba umelibeba wewe. Hayo hayahitaji mashahidi wawili. Msikiti mzima ulikusikia.

Wewe sikuhalalishii.

Umri wako umekwenda na miguu inavimba. Siku yako ikifika hawatakupitisha mlango wa mbao. Watakutoa kwa mlango mpana kuliko yote nyumbani kwako, vijana watasukumana, na mtu atasimama palepale kuuliza kama yupo anayemdai marehemu. Nikiwa hai, nitapanda basi nije. Nitakuwa ndani na wanawake, nyuma ya kioo. Siku hiyo sitakuwa edani, na nitajibu.

Mastula

Akeyo nimemwambia asingoje jibu.